Siti ya intaneti haifunguki Kongo, inafunguka Zambia: mbele ya kusema "wameifunga", angalia haya

Hizi siku malalamiko yanaingia mingi sana ku biro yetu hapa Lubumbashi, na karibu yote ni maneno yaleyale: "siti haifunguki, mutusaidie". Basi. Hakuna adresi ya siti, hakuna saa, hakuna jina ya rezo, mutu anatuma paka foto ya telefone yenye kioo kimepasuka. Wandugu, hatukatae kusaidia, lakini na hiyo foto tufanye nini?

Siti inaweza kukatala mu inchi moja juu ya mwenye siti, juu ya opereta ao serikali, ao juu ya njia na majina ya intaneti yenye kuvurugika. Batu wanarukia paka ile ya katikati. Ni kweli serikali hufunga: hapa kwetu intaneti ilikatwa kisha uchaguzi, tangu 31 Desemba 2018, kwa muda wa karibu wiki tatu, Zambia WhatsApp ilizuiwa siku ya uchaguzi wa Agosti 2021, na Uturuki ilifunga Wikipedia tangu 2017 mpaka Januari 2020. Lakini mara mingi ni mwenye siti mwenyewe njo anafunga. Mei 2018, sheria mupya ya Ulaya ya kulinda habari za watu ilipoanza kazi, Los Angeles Times na Chicago Tribune zilifungia wasomaji wa Ulaya mulango kwa kuogopa amande, hakuna serikali ya Ulaya iliyoagiza vile.

Soma ekra. 403 maana yake serveri (kompyuta yenye kubeba siti) ilikusikia ikakatala. 451 ni kukatala juu ya sheria. 404 ni ukurasa haupo, hiyo musituletee. Ikiandika DNS (ile yenye kugeuza jina la siti kuwa namba ya serveri), jina la siti halikupatikana, jaribu DNS ingine kama 1.1.1.1 ao 8.8.8.8. Ikizunguka tu mpaka unachoka, hapo inaweza kuwa njia, inaweza kuwa opereta, njo fasi tunapaswa kupima sisi.

Mufanya biashara mumoja wa gari za Japani alitutandikia telefone mbili ku meza: kadi ya Zambia inafungua siti ya munada, kadi ya Kongo inaandika 403, na yeye tayari amesema opereta wa Kongo ni mwizi. Hapana. Siti ilikuwa ya https (koneksio yenye kufungwa, mutu wa katikati hawezi kuibadilisha) na kufuli yake iko muzuri, kwa hiyo opereta hawezi kuandika ile 403 fasi ya serveri, ombi lilifika kabisa kule. Serveri inaangalia namba ya IP yako (adresi ya koneksio yako ku intaneti), inaitafuta mu liste ya inchi, ikiona Kongo inafunga, wengi wanafanya vile kwa kuogopa wizi wa kadi za benki. Unaandikia mwenye siti, unamupa IP na saa. Tena, ukiwa Kasumbalesa ku mupaka na kadi ya Kongo kwa roming (kadi inashika rezo ya Zambia), koneksio yako kawaida inarudi kwanza ku opereta wako wa Kongo kisha njo inatoka, kwa hiyo siti inakuona bado uko Kongo na hujapima kitu.

Wenye siti pia mujiangalie. Kuna duka moja ya hapa, siti inafunguka Lubumbashi bila shida, lakini wateja wa Ubelgiji wanaona ukurasa mweupe. Mwenyewe alihamisha siti ku serveri mupya, akabadilisha adresi ya IPv4 (namba za aina ya zamani), ile ya IPv6 (aina mupya) akaiacha inaonyesha serveri ya zamani. Rezo nyingi za simu hapa zinapita bado IPv4, Ubelgiji IPv6 imeenea sana, telefone zao zinaanza na hiyo, na serveri ya zamani ilikuwa bado inajibu! Ukirekebisha, ngojea muda ulioandikwa mu DNS uishe, ikiwa 86400 ni sekunde, yaani saa 24, musitupigie kisha dakika kumi.

VPN (programu yenye kupitisha intaneti yako mu inchi ingine) ni ya kupima. Siti ikifunguka na VPN unajua tu kama shida iko kwa inchi ao kwa njia, haisemi nani amefunga. Na za bure musiingizie namba za benki.

Kwa malalamiko tunataka: adresi yote ya siti, siku na saa, rezo na muji, maneno yaliyo ku ekra, na jibu la kujaribu ku rezo ya pili. Mbele ya hapo angalia kama tarehe ya telefone iko sawa, kisha delestaji (kukatwa kwa umeme) telefone ikizimika inaweza kurudi na tarehe ya zamani na kila https inakatala. Angalia pia kama mega zako si za WhatsApp tu (ndiyo, inatokea kila siku).

Na kutangaza ku Facebook kama fulani amefunga siti, bila kupima: kifungu 360 cha Kodi ya Numeriki (sheria ya Kongo ya mambo ya intaneti), ya 13 Machi 2023, kinasema anayeanzisha ao kupitisha habari ya uongo juu ya mutu anapata kifungo cha mwezi moja mpaka sita na amande ya faranga 500.000 mpaka 1.000.000, ao moja ya hizo mbili. Kupitisha pia, si kuanzisha tu. Malalamiko yenye kukosa saa tutakuwa tunayarudisha, hatutapima.