Je, wajua kwa nini unanakili mradi mzima ili kusahihisha herufi moja?

Umeona kosa dogo kwenye programu huria unayoitumia kila siku. Pengine neno limeandikwa vibaya kwenye maelezo, pengine tarehe inaonyeshwa kinyumenyume. Msimbo uko wazi, kila mtu anausoma, na dawa ya kosa hilo unaijua. Lakini mwongozo wa mradi unakutaka kwanza utengeneze foki, yaani nakala yako mwenyewe ya hazina nzima ya msimbo, ndipo uiguse hiyo herufi. Mzunguko wote huo wa nini?

Wengi huchanganya haki mbili. Programu huria inampa kila mtu haki ya kusoma, kunakili na kubadilisha msimbo. Haimpi kila mtu haki ya kuandika ndani ya hazina ya wenyewe. Pakua mradi wowote mkubwa ulioko GitHub, tovuti ambako miradi mingi huhifadhi msimbo wake, badilisha kitu, kisha jaribu kuyasukuma mabadiliko hayo moja kwa moja: seva itakujibu kwamba huna ruhusa, na ukiwa umetumia anwani ya HTTPS utaona kosa namba 403. Hujaharibu chochote. Jina lako halimo tu kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuandika.

Ugumu huo una sababu nzito. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH, njia salama ya kufanya hivyo, kulikuwa kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alipofuatilia, alikuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana data inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupandikiza alikuwa amechangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, akajenga imani mpaka akapewa ruhusa ya kuandika. Ikiwa mtu aliyezoeleka kiasi hicho aliweza kuleta hatari kama ile, huwezi kuwalaumu watunzaji wa miradi wakisita kumfungulia asiyejulikana.

Basi mgeni afanye kazi wapi? Katika mifumo ya zamani ya kutunza historia ya msimbo, kama CVS na Subversion, historia yote ya msimbo ilikaa kwenye seva moja. Asiye na ruhusa hakuweza hata kurekodi hatua za kazi yake. Aliandaa faili la kiraka, yaani orodha ya mistari aliyoibadilisha, akalituma kwa barua pepe, akasubiri. Linus Torvalds alipoitengeneza Git mwaka 2005 kwa ajili ya kernel (kiini) ya Linux, aliujenga mfumo ambao kila nakala ni hazina kamili, yenye historia yote tangu komiti ya kwanza, yaani hatua ya kwanza ya kazi iliyorekodiwa. Kwa Git, nakala yako na ya watunzaji zina hadhi moja. Yao ni rasmi kwa sababu watu wamekubaliana iwe hivyo. GitHub ilipofunguliwa mwaka 2008, kutengeneza nakala kama hiyo na kuiweka hadharani kukawa kazi ya kubofya kitufe. Hata mradi mkubwa hunakiliwa upesi, kwa kuwa nyuma ya pazia foki na hazina mama hutumia ghala moja la data.

Wapo wanaotengeneza foki ili wajitenge kabisa: MariaDB ilitoka kwenye MySQL mwaka 2009, na LibreOffice ikatoka kwenye OpenOffice.org mwaka 2010. Foki ya mchangiaji ni kinyume chake. Inatengenezwa ili kazi irudi ilikotoka.

Kinachowatatiza wanaoanza ni kwamba sehemu ni tatu: hazina ya mradi, foki yako iliyoko kwenye seva, na nakala iliyo ndani ya kompyuta yako. Ukishabofya kitufe cha foki, pakua foki yako, siyo hazina ya mradi:

git clone anwani-ya-foki-yako

Git itaipa foki hiyo jina la origin. Hazina ya mradi Git haiijui bado, kwa hiyo itambulishie:

git remote add upstream anwani-ya-mradi

Jina upstream si amri ya Git, ni mazoea tu ya wachangiaji, ila yashike, kwa sababu miongozo mingi utakayoisoma inayatumia. Ukiandika git remote -v utaona mistari minne: origin mara mbili na upstream mara mbili, mmoja wa kuvuta na mmoja wa kusukuma. Usishtuke kuona upstream nayo ina mstari wa kusukuma. Ruhusa huamuliwa na seva, siyo na orodha hiyo.

Sasa lile ambalo ningependa kila mchangiaji alijue mapema: foki haijisasishi yenyewe. Imeganda pale ulipoitengeneza, huku mradi ukiendelea. Kwa hiyo kila unapoanza kazi mpya, vuta hali ya sasa ya mradi na uanzishe tawi jipya, yaani mkondo wa kazi ulio kando, juu yake:

git fetch upstream
git switch -c rekebisha-tarehe upstream/main

Hapo main ni jina la tawi kuu; miradi ya zamani huenda ikawa na master mahali pake. Na kwa nini tawi, wakati main yako ipo? Kila komiti hutambulishwa kwa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, mwandishi, saa na komiti iliyotangulia, na kwa kawaida alama hiyo ina tarakimu 40. Watunzaji wengi wanapopokea kazi yako huzikusanya komiti zako ziwe moja, nayo inapata alama mpya. Kama ulifanyia kazi kwenye main, tayari main yako na yao zimeachana: yaliyomo ni yale yale, alama tofauti. Ombi lako la pili la kuunganisha kazi na mradi litazikokota komiti za lile la kwanza, na msomaji atashangaa mabadiliko ya mstari mmoja yamekujaje na mengine ishirini. Tawi la pekee kwa kila kazi linakuondolea adha hiyo. Likishapokelewa unalifuta, na main yako inabaki kioo cha mradi.

Ukimaliza, sukuma kwenye foki yako:

git push -u origin rekebisha-tarehe

Kisha fungua ombi la kuunganisha (pull request), ukieleza kilichokuwa kibaya na ulivyokirekebisha. Kabla ya hapo soma faili la CONTRIBUTING, maana kila mradi una taratibu zake. Kernel ya Linux, kwa mfano, hadi leo inapokea viraka kwa barua pepe. Mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mwenyeji hapendi kuelekezwa nyumbani kwake na mtu ambaye hata hakusoma tangazo la mlangoni.

Jihadhari na jambo moja zito. Kwa sababu foki na mradi vinatumia ghala moja, komiti uliyoisukuma GitHub inaweza kuendelea kufikiwa na mwenye alama yake hata baada ya wewe kuifuta foki. Nenosiri au ufunguo wa siri ukiponyoka humo, usitegemee kufuta. Ubadilishe papo hapo.

Watunzaji wakitaka marekebisho, usifungue ombi jingine. Rekebisha kwenye tawi lile lile, sukuma tena, na ombi litajisasisha. Hata atakayebofya kitufe cha mwisho akiwa mtu mwingine, Git hutunza jina la mwandishi kando na la aliyeiingiza komiti, kwa hiyo anayeusoma msimbo huo baadaye kwa git blame atakuta mstari ule una jina lako.