Je, wajua kwa nini meli 11 za Odysseus, shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale, ziliangamizwa na majitu, ikapona moja tu?

Ukitaja majitu yala watu ya Wagiriki wa kale, wengi humkumbuka Polyphemus, lile la jicho moja lililowafungia pangoni Odysseus na wenzake. Lakini Polyphemus alikula watu sita tu. Balaa lenyewe walikuwa Walestrigoni.

Mshairi Homer anasimulia kisa chao katika kitabu cha 10 cha utenzi wake, Odisea. Odysseus alikuwa na meli 12 alipofika Telepylos, mji wa majitu hayo, baada ya kuvuta makasia siku sita, usiku na mchana. Bandari yake ilikuwa ya kutamanika: majabali marefu pande zote, mlango mwembamba, ndani maji tuli, hata kiwimbi hakuna. Mabaharia waliochoka wangetaka nini zaidi? Meli 11 zikaingia, zikafungwa zimebanana. Odysseus peke yake akaifunga yake nje, mwambani. Homer hasemi kwa nini. Nadhani ni yale ya Polyphemus: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Akatuma watu watatu wakapeleleze. Wakamkuta msichana akiteka maji kwenye chemchemi ya Artakia, akawaonyesha nyumba ya baba yake, Antiphates. Hadi hapo hakuna cha kutisha. Kumbe ndani mama mwenye nyumba ni mkubwa kama kilele cha mlima! Akamwita mumewe aliyekuwa mkutanoni, naye, bila hata salamu, akamdaka mmoja akamfanya kitoweo. Wawili wakatimua mbio.

Antiphates akapiga ukelele, na maelfu ya wenzake wakajaa juu ya majabali, wakaporomosha mawe. Ule utulivu wa bandari ukawa mtego: meli zimebanana, mlango mwembamba, pa kugeuzia hakuna. Watu wakachomwa mikuki kama samaki, wakabebwa kwenda kuliwa. Odysseus akachomoa upanga, akaikata kamba, akawahimiza watu wake wavute makasia kufa na kupona.

Huenda ndiyo maana kisa hiki hakikuvuma kama cha Polyphemus. Kule kuna hila ya kujivunia: Odysseus alimlevya jitu, akampofusha, akatoroka. Huku ni kukata kamba na kukimbia.

Na Telepylos ilikuwa wapi? Homer asema huko usiku na mchana hukaribiana mno, hata mchungaji asiyelala angepata ujira mara mbili. Wagiriki wa baadaye walisema Walestrigoni waliishi kisiwani Sicily. Thucydides, mwanahistoria wa karne ya 5 KK, anautaja usemi huo, kisha anakiri hajui walikuwa watu wa asili gani, anawaachia washairi.