Ridhaa na kukubali ni mambo mawili

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimesikia, safari hii redioni, kwamba msichana wa miaka 16 "alikuwa na uhusiano wa ridhaa" na mwalimu wake. Mtangazaji hakukusudia kumtetea mwalimu. Alitaka tu kusema kwamba hakukuwa na kisu wala kipigo. Kwa maana hiyo alitumia neno ambalo, mbele ya sheria, halikuwa na nafasi katika habari ile.

Maana yake ni fupi. Ridhaa ni kukubali kwa mtu ambaye ana uwezo wa kulielewa jambo analoombwa na uhuru wa kulikataa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, katika kifungu cha 42, inayataja yote: kuchagua, uhuru na uwezo. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyoandikwa upya na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinasema kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, awe ameridhia au hakuridhia. Hayo maneno ya mwisho ndiyo watu huyaruka. Sheria haidai kwamba mtoto hakutamka "ndiyo". Huenda aliitamka, na pengine aliiandika kwenye simu mara kumi, lakini kosa haliondoki kwa sababu hiyo.

Linalonikera zaidi ni kwamba lugha yetu yenyewe ingetosha kutuonya. Ridhaa imetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutosheka na kupendezwa, na katika mzizi huohuo tumepata radhi, kuridhika, kuridhia na maridhiano. Sasa tazama radhi inavyotembea nyumbani kwetu. Radhi hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo: mzazi ndiye mwenye kuitoa, mtoto ndiye mwenye kuitafuta, na asiyeipata huambiwa kwamba mambo yake hayatamnyookea. Tangu anapoanza kutumwa dukani, mtoto hufundishwa kuwa kumbishia mtu mzima ni utovu wa adabu, na kwamba "hapana" mbele ya mwalimu, mjomba au ustadhi ina gharama. Kisha mkubwa yuleyule anapomtaka jambo lisilofaa, tunageuka na kuuliza kama mtoto aliridhia. Mtoto tuliyemlea aogope kukosa radhi zetu atakuwa ameupata wapi uhuru wa kukataa?

Ndiyo maana kifungu hichohicho cha 130 hakiishii kwenye umri. Kinawataja pia wenye mamlaka wanaotumia vibaya nafasi zao, watumishi wa hospitali, waganga wa jadi na viongozi wa dini, na hapo kinamlinda hata mwanamke mtu mzima. Mtunga sheria alijua kwamba ushawishi wa mkubwa huweza kuiharibu ridhaa ya mtu mwenye akili timamu na umri kamili. Kwa mtoto, hakuona haja ya kusubiri ushahidi wa ushawishi huo.

Kuna neno letu jingine linalofaa zaidi hapa, nalo ni kurubuni. Rubuni, au arubuni, ni malipo kidogo ya awali anayotoa mnunuzi ili muuzaji ajione amefungika. Chipsi za jioni, lifti ya bodaboda, vocha, na ada ya shule iliyolipwa bila kuombwa ni arubuni kwa maana hiyohiyo ya sokoni. Mtoto anaposema ndiyo baada ya miezi mitatu ya vitu hivyo, anajiona mdaiwa anayelipa deni.

Mkanganyiko mwingine ni wa wazazi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya baba, na kifungu cha 130 kikamwachia nafasi mume wa msichana wa umri huo. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri la mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vya ndoa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Lakini mazoea ya kuona kwamba baba anaweza kuridhia kwa niaba ya binti yamebaki, na ndiyo yanayozaa ile kauli ya "familia zimeridhiana, tumeyamaliza nyumbani". Katika kesi ya jinai anayeshitaki ni Jamhuri. Ng'ombe wawili na bahasha vinaweza kupatanisha wazee, ila hawakuwa wao waliokosewa, wala hawana mamlaka ya kulifuta kosa.

Basi, ndugu mtangazaji, na sisi wengine tunaokuiga, tukitaka kusema kwamba mtoto hakupigwa wala kutishwa, tuseme hivyohivyo: hakupigwa, hakutishwa. Tukijua kwamba alipewa vitu na maneno matamu hadi akaitika, tuseme alirubuniwa. Hata "alikubali" linaweza kuwa kweli na likabaki katika habari. Ridhaa tuiache hadi tutakapokuwa tunazungumzia watu wazima wawili.