"Nyekundu ndiyo ya hatari": mlango wa dharura hautaki rangi hiyo

Juzi mwenye hosteli moja ya wanafunzi hapa Kampala alinipandisha hadi ghorofa ya tatu anionyeshe taa mpya za mlango wa dharura. Nyekundu zote. "Nyekundu ndiyo inavuta macho, mwalimu," akaniambia. Maneno hayo nimeyasikia mahotelini, kwenye mabaa, hata kanisani, na nimechoka kuyajibu mmoja mmoja.

Macho itayavuta, sikatai. Miguu je? Mtu aliyezungukwa na moshi hana nafasi ya kutafakari, hufuata alichokizoea. Na sisi tumezoea nini? Pale kwenye taa za Jinja Road, nyekundu ni simama, kijani ni pita. Kibao cha marufuku kina duara jekundu, mtungi wa kuzimia moto ni mwekundu. Viwango vya kimataifa vya alama za usalama, ISO 3864 na ISO 7010, vinafuata mpango huohuo: nyekundu ni ya makatazo na vifaa vya zimamoto, kijani ni ya njia salama. Ukitundika nyekundu juu ya mlango wa kutokea, unamwambia anayekimbia kwamba hapa hapapitiki.

Hapo huulizwa, mbona Marekani alama nyingi za kutokea ni nyekundu? Ni kweli, ziko nyingi. Lakini mwaka 2019 watafiti Max Kinateder, William Warren na Karen Schloss walichapisha jaribio la uhalisia pepe, yaani mtu anavaa kifaa machoni na kujiona ndani ya jengo la kompyuta, lililofanywa hukohuko: milango miwili, mmoja na alama nyekundu, mwingine ya kijani. Wengi walielekea kwenye kijani. Walipoulizwa baadaye alama ya kutokea inafaa iwe ya rangi gani, wakataja nyekundu! Kwa hiyo usiniambie umewauliza wapangaji wako wanapenda rangi gani.

"Basi niweke taa zinazowaka na kuzimika, za rangi zote." Kuwaka na kuzimika kunasaidia, hasa kwenye mlango wa nyuma ambao watu hawauzoei, maana wengi hukimbilia walikoingilia. Ila chagua kijani au nyeupe. Katika majaribio ya mahandaki ya barabara, taa ya bluu ilifanya vibaya zaidi. Na wenye disko, nawasihi: taa za muziki zizimike zenyewe kengele ikilia, la sivyo ya mlangoni itapotea katikati yake.

"Taa moja juu ya mlango inatosha." Moshi hupanda, na taa hiyo ndiyo ya kwanza kufunikwa. Weka nyingine karibu na sakafu, zote ziwe na betri. Kila mwezi zima swichi kuu usiku, ushuke ngazi mwenyewe uone zipi zinawaka.

"Rangi sahihi itawatoa wote." Oktoba 2022 moto uliua watu 11 katika shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono. Asiyeona anahitaji sauti inayomwita, reli ya kushika, na mtu aliyepangiwa kumtoa. Hata anayeona, kijani haikati grili za dirishani.

Yule mwenye hosteli nilimwomba afungue mlango wenye taa zake mpya. Ulikuwa na kufuli, ufunguo uko kwa askari wa getini, na askari ameenda kula. Tumekubaliana kufuli liondoke leo, na taa zibadilishwe kabla ya Ijumaa.