Kupanda Vinson, Antaktika: maji, mikono na nyufa za barafuto

Wengi waliokwisha kufika kilele cha Uhuru hukutana na mlima Vinson kwenye orodha ya vilele virefu vya kila bara, na namba yake huwatuliza: mita 4,892, pungufu ya Kilimanjaro kwa mita 1,003. Wasitulie. Hewa ya ncha za dunia ni baridi, na hewa baridi hujibana chini karibu na ardhi, hivyo mgandamizo hushuka upesi zaidi unapopanda kuliko huku kwetu karibu na ikweta. Kwa hiyo oksijeni inayofika mapafuni kule juu ni ya mlima mrefu kuliko mita zinavyosema. Zaidi ya hapo, Vinson hakuna wapagazi. Hema, chakula, mafuta na kamba unavikokota mwenyewe kwenye sleji, na sehemu yenye mwinuko mkali unavibeba mgongoni.

Mlima huu uko katika safu ya Sentinel, upande wa kaskazini wa milima ya Ellsworth, kwenye latitudo ya nyuzi 78 kusini. Lincoln Ellsworth aliiona safu hiyo akiwa angani Novemba 1935, na Wamarekani walioongozwa na Nicholas Clinch wakawa wa kwanza kufika kileleni, Desemba 1966. Msimu wa kupanda huanza mwishoni mwa Novemba hadi Januari, jua lisipotua kabisa.

Safari huanzia Punta Arenas, Chile. Ndege hutua Antaktika kwenye Union Glacier, barafuto (mto wa barafu unaotembea polepole) lililo umbali wa kilomita 3,000 hivi, kwa magurudumu juu ya barafu tupu ya rangi ya buluu. Barafu hiyo haina theluji kwa sababu upepo unaoporomoka kutoka nyanda za juu huifagia mwaka mzima. Upepo huohuo, ukivuma kwa kukata njia ya kutua, huzuia ndege kushuka. Tenga siku kadhaa za kusubiri, za kwenda na za kurudi. Tiketi ya kuunganisha safari isiyoweza kubadilishwa imewagharimu wengi. Kutoka hapo ndege ndogo yenye skii huwafikisha kambi ya chini, kwenye barafuto la Branscomb, mita 2,100 hivi.

Kazi inayokula muda mwingi kambini ni kutafuta maji. Yote hutokana na theluji, na kila mtu anahitaji lita 4 hivi kwa siku, kwani hewa ni kavu mno. Theluji iliyoshindiliwa na upepo hutoa lita 1 ya maji kwa kila lita 3 au zaidi. Anza kwa kuacha maji kidogo chini ya sufuria, kisha ongeza theluji polepole. Ukiijaza theluji kavu peke yake, chini huungua kabla ya kuyeyuka na maji hunuka moshi. Usitegemee mtungi wa gesi ya kawaida. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, kwa hiyo mtungi uliojaa hubaki bubu. Jiko linalofaa ni la mafuta ya petroli safi, lenye pampu. Lakini chunga mafuta hayo yasikuguse: kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri bado ni kimiminika chenye baridi ileile ya hewa, na yakimwagika mkononi hugandisha ngozi papo hapo. Jiko likiwaka hemani, acha tundu la hewa wazi juu na chini. Hewa ya sumu itokayo kwenye moto haina harufu, na upepo unaporusha theluji tundu huziba bila mtu kugundua.

Chupa ya maji ilaze kichwa chini, kwani barafu huanzia juu. Ukiigeuza utaikuta imeganda upande wa kitako, mdomo ukiwa wazi. Usiku iingie nawe ndani ya mfuko wa kulalia, pamoja na betri na soksi za ndani za viatu.

Mikono huharibika kwa mambo madogo: kufunga kamba, kufungua zipu, kupiga picha. Vaa glavu nyembamba muda wote chini ya zile nene, na hizo nene zifungwe kwa uzi kwenye vifundo vya mikono, maana ikipeperushwa moja hairudi. Kila zipu itiwe kamba fupi inayoshikika ukiwa na glavu. Wenzi watazamane usoni mara kwa mara. Doa jeupe kama nta kwenye pua au shavu ni ngozi inayoanza kuganda. Lifunike kwa kiganja chenye joto, wala usilisugue. Kidole kilichoganda kabisa huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, na iwapo tu hakitaganda tena njiani. Kuyeyuka na kuganda tena ndiko kunakofanya kidole kikatwe.

Barafuto hutembea, na likipita juu ya mwamba uliopinda hupasuka. Nyufa zake hufunikwa na daraja la theluji lisiloonekana kwa macho. Fungamaneni kamba, watu 3 au 4, nafasi ya mita 10 hadi 15, na kamba isilegee: ikilegea, aliyetumbukia huongeza kasi kabla ya kushikwa. Sleji nayo ifungwe kwenye kamba kwa nyuma, isije ikamwangukia mwenye kuivuta.

Njia ya kutoka kambi ya pili, mita 2,750 hivi, hadi kambi ya juu, mita 3,780 hivi, ina kamba zilizofungwa mlimani zenye urefu wa kama mita 1,200. Maumivu ya kichwa yasiyotulia kwa maji na mapumziko ni sababu ya kushuka siku hiyohiyo, hata kama kilele kinaonekana.

Kwa Itifaki ya Madrid ya 1991, inayolinda mazingira ya Antaktika, safari huhitaji kibali cha nchi iliyo kwenye Mkataba wa Antaktika. Uchafu wote hurudishwa, kinyesi kikiwemo, kwenye mifuko maalumu. Mawe hayachukuliwi. Kabla ya kupanda ndege, piga brashi soli za viatu na toa mbegu zilizonasa kwenye vishikizo vya nguo na mifukoni, moja baada ya nyingine kwa kibano.