Homa ya Bonde la Ufa huanzia udongoni

Mbuzi wengi wanapotupa mimba kwa mkupuo na wanakondoo wachanga kufa mmoja baada ya mwingine, mfugaji hutuuliza ugonjwa umeingiaje zizini. Kwa Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, jibu tunalitafuta kwanza kwenye udongo.

Baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye tope la mabondeni, mahali ambapo maji hutuama msimu wa mvua. Maji yakikauka mayai hubaki ardhini, mengine yakiwa yamerithi virusi kutoka kwa mama, na huweza kustahimili ukame kwa miaka kadhaa. Mvua kubwa isiyokatika ikiyafunika mabonde hayo, huanguliwa kwa wingi, na mbu wanaotoka huwauma mifugo waliokuja kunywa maji. Madimbwi yakidumu, hufuata mbu wa jamii ya Culex, ambao huvichukua virusi kwa mnyama mgonjwa na kuvieneza kwa kasi. Neno “mlipuko”, ambalo nasi wataalamu tunalipenda mno, huficha safari yote hiyo.

Binadamu huambukizwa zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, anapochinja au anapookota kwa mikono mitupu ndama aliyetupwa, ingawa mbu nao humwambukiza.

Kwa kuwa mnyororo huanza na mvua, dalili za kwanza zinaweza kuonekana baharini. Mwaka 2006, joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki pamoja na picha za satelaiti zilizoonyesha nyika ikigeuka kijani viliwawezesha watafiti kutoa tahadhari kabla wagonjwa hawajaonekana Garissa, Kenya, mwezi Desemba. Mwanzoni mwa 2007 ugonjwa ulifika Tanzania, ukaua watu zaidi ya 100. Wafugaji wa Kisomali, wanaouita sandik kwa sababu ya damu itokayo puani, walikuwa wameshaona mbu wengi na mifugo kutupa mimba. Ushahidi huo ulistahili kusikilizwa mapema.

Chanjo nayo hufuata kalenda hiyohiyo. Hufaa mifugo wachanjwe kabla ya mafuriko, kwa sababu ugonjwa ukishaingia, sindano moja inayopita mnyama hadi mnyama inaweza kufanya kazi ya mbu.