Glurns: ukuta uliojengwa baada ya maafa

Ukishuka treni kituo cha Schluderns, katika bonde la Venosta kaskazini mwa Italia, mji wa Glurns ni mwendo mfupi kwa miguu. Waitaliano huuita Glorenza. Wageni wengi hupitia langoni moja kwa moja kutafuta kahawa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kukagua kuta za kale, nasema zunguka kwanza kwa nje. Mji wenyewe ni mdogo, wakazi hawafiki elfu moja, na ukuta umeuzingira wote.

Vipeperushi huuita mji wa enzi za kati. Hadhi ya mji uliipata mwaka 1304, hilo kweli, lakini ukuta unaouona ni wa baadaye. Mwezi Mei 1499, pale Calven, karibu kabisa na hapa, wapiganaji wa Graubünden, ambayo leo ni jimbo la Uswisi, waliyashinda majeshi ya Maximilian I, mfalme wa Ujerumani na mtawala wa Tirol, kisha wakauchoma mji. Maximilian akaamuru ujengwe upya na kuzungushiwa ngome. Kazi iliburuzwa hadi karibu 1580. Kufikia hapo mizinga ilishakuwa na nguvu ya kuubomoa ukuta mrefu na mwembamba wa namna hii. Tazama matundu ya kufyatulia bunduki na minara ya mviringo pembeni: wajenzi waliijua baruti, ila hawakujenga maboma mapana, mafupi, yenye pembe, ambayo wajenzi wa Italia walikwisha kuyazoea. Kwa maoni yangu, umaridadi wake unatokana na kuchelewa huko.

Malango ni matatu, na kila moja limeelekea njia yake: Mals na pito la mlimani la Reschen, Schluderns na bonde la chini, Taufers na Uswisi. Chumvi kutoka Hall, mji wa Tirol ulioko Austria leo, ilipita hapa kwenda Lombardia, kaskazini mwa Italia. Ndani, kaa kwenye baraza zenye matao, ambako wafanyabiashara waliuzia bidhaa zao. Ni fupi mno. Mtu mrefu ainame.

Mahakama ya eneo ilikuwa hapa pia. Mwaka 1520 wakulima wa Stilfs, kijiji cha jirani, waliwashtaki panya wa shambani kwa kuharibu mazao. Panya walipewa wakili wao, wakaamriwa kuhama, na wajawazito na wachanga wakaongezewa siku 14.